Kumi za maneno, kumi za uzuri: tunahukumu namna gani historia ya nyumbani?

Leo siwaletei habari ya barabara wala ya mvua. Nawaletea habari ya kosa langu mwenyewe. Kosa hilo limenirudisha nyuma karibu miaka mia moja katika historia ya Katanga, na naona lina faida kwetu sote, wa Kambove, wa Likasi, wa Lubumbashi na wale walio mbali.

Mambo yalianza hivi. Vijana wa kartie yetu waliombwa kutengeneza kazi juu ya historia ya nyumba zao. Kila mmoja alikuwa huru: aandike kwenye kaye, achore, abandike picha, apige kwa kompyuta. Kazi zote zingewekwa juu ya meza siku ya Jumamosi, na watu watatu wangezihukumu. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watatu, labda kwa sababu watu wanajua ninaandika. Tulipewa karatasi yenye safu mbili: alama kumi kwa maneno, alama kumi kwa uzuri. Jumla ishirini.

Kazi iliyoshinda ilikuwa nzuri kweli kuitazama. Kijana aliichapisha kwa rangi kule Likasi, ikawekwa plastiki juu. Tarehe zake zilikuwa sahihi: Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, alipita hapa mwaka 1892, Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ikafika Kambove mwaka 1913. Katikati kulikuwa na picha kubwa ya mgodi, shimo lenye ngazi ngazi, na anga la buluu juu yake. Nilimpa tisa kwa maneno, kumi kwa uzuri.

Mwishoni mwa meza kulikuwa na kaye ya msichana mmoja. Jalada lilikuwa karatasi ya mfuko wa simenti. Aliandika kwa biki ya buluu, na mistari ilipanda na kushuka. Kiswahili chake kilikuwa kile tunachosema nyumbani, na maneno yameshikana: mahali ambapo mwalimu angetaka maneno matatu, yeye aliandika moja. Nilimwuliza kwa nini hakupanga vizuri. Akajibu kwa sauti ya chini: “Ni nkambo alisema, miye niliandika tu.” Nilifungua kurasa mbili, nikaona kama orodha ya vitu, nikafunga. Nilimpa nne kwa maneno, mbili kwa uzuri.

Tulipotangaza matokeo, watu walipiga makofi. Halafu mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini miaka mingi alisogea karibu na kazi iliyoshinda, akavaa miwani, akaitazama ile picha kubwa. Akasema: “Ile shimo haiko ya kwetu. Siye tulitumika mu shimo ya kwetu, tunaijua.” Kijana alikubali bila ubishi. Aliitoa picha hiyo kwenye intaneti, na hakujua ni ya nchi gani. Sisi waamuzi watatu tulikuwa tumeitazama kwa muda mrefu, na mmoja wetu amezaliwa hapa hapa Kambove.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikakumbuka kwamba hapa kwetu Katanga jambo hili limeshatokea mara nyingi. Watu wa kawaida wameandika na kuchora mambo yao wenyewe, halafu mtu mwenye karatasi ya alama amekuja kusema lipi ni zuri na lipi linafaa kutunzwa. Acha niwaeleze mara nne.

Kuta za Bukama

Mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Mbelgiji anayeitwa Georges Thiry, alikuwa Bukama, kwenye reli inayopita kwetu. Aliona nyumba zilizochorwa kwenye kuta za nje. Aliuliza ni nani amechora, akaonyeshwa Albert Lubaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga pembe za ndovu. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye alichora.

Thiry aliona kwamba mvua itaziosha picha hizo. Akawapa karatasi na rangi za maji. Mwaka 1929 karatasi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na watu wa kule walishangaa. Bila zile karatasi leo tusingekuwa na kitu chochote cha kutazama, na kwa hilo tumshukuru Thiry.

Lakini fikirini kilichobadilika njiani. Kwenye ukuta wa Bukama, mchoro ulikuwa wa jirani. Aliyepita njiani alijua yule mnyama ni wa hadithi gani, na akiona amekosea aliweza kumwambia mchoraji palepale, mbele ya mlango wake. Brussels hakuna aliyeweza kufanya hivyo. Walichoweza kuhukumu ni rangi na umbo tu. Jina la Antoinette lilikaa miaka mingi katika kivuli cha jina la mume wake, na ni miaka ya karibuni tu ndipo kazi zake zimeanza kutazamwa kama kazi zake mwenyewe. Kwa hiyo mara ya kwanza, uzuri ulipata alama zote, na maneno hayakuulizwa.

Hangar ya Elisabethville

Mara ya pili ni mwaka 1946, Lubumbashi, wakati ikiitwa bado Elisabethville. Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, alifungua karakana ya wachoraji ambayo wengi wanaijua kwa jina la Hangar. Sheria yake ilikuwa kwamba wanafunzi wasiige Ulaya. Kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Na kweli waliupata. Bela alichora kwa ncha za vidole bila brashi. Mwenze Kibwanga alijaza karatasi kwa mistari midogo midogo iliyolala pamoja kama majani ya mkeka. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka ambao hadi leo ukiwaona mara moja unajua ni wa Pilipili.

Kazi zao zilinunuliwa na kuonyeshwa Ulaya, na zilistahili. Mimi mwenyewe nikiona ndege wa Pilipili nasimama. Lakini mji waliokuwa wanakaa ulikuwa mji wa moshi wa kiwanda, wa kambi za wafanyakazi, wa posho iliyogawiwa kila wiki, wa mji wa wazungu upande mmoja na mji wa watu weusi upande mwingine. Katika karatasi za Hangar kuna pori, mito na wanyama. Mnunuzi alipenda Afrika ya namna hiyo, na mwalimu aliamini kwamba huko ndiko roho ya Afrika iliko. Hakuna aliyekataza kwa fimbo kuchora mshahara. Ila kila mmoja alijua ni kitu gani kinapata alama.

Nawaambia hivi kwa sababu hata vijana wetu wa Jumamosi ile walijua. Wengi walichora misalaba ya shaba na Mwami Msiri, maana ndiyo historia inayopendeza waamuzi. Msichana mmoja tu aliandika juu ya jikoni kwao.

Gazeti la kampuni na karatasi za maboyi

Mwaka 1957 Union Minière ilianza kutoa gazeti kwa ajili ya wafanyakazi wake, Mwana Shaba. Wazee wengi wa hapa wanalikumbuka. Lilichapishwa vizuri, lenye picha safi, na watu walifurahi kuona uso wa jirani yao ndani yake. Kama lingewekwa juu ya meza yetu ya Jumamosi, kwa uzuri lingepata kumi.

Miaka minane baadaye, mwaka 1965, kitu kingine kabisa kilitokea Elisabethville. Kilikuwa fungu la karatasi zaidi ya 30 zilizopigwa kwa mashini, kwa jina la umoja wa watu waliofanya kazi ya uboyi katika nyumba za wazungu. Mwandishi ni André Yav, naye mwenyewe alikuwa boyi. Kichwa chake ni cha Kifaransa, na kinasema ni “vocabulaire”, yaani kitabu cha maneno, cha mji wa Elisabethville. Ukifungua hukuti kamusi. Unakuta historia ya mji, tangu siku za Leopold wa Pili hadi baada ya uhuru, inayosimuliwa na watu waliopika, waliofua, waliolinda watoto, na waliokuwa nyuma ya mlango wakati mabwana wakizungumza.

Sasa tazameni karatasi hizo kwa macho ya mwamuzi. Tahajia haifuati sheria moja. Neno lile lile linaandikwa namna hii hapa na namna ile kule. Maneno yanashikana, mengine yanakatwa katikati. Kituo kinakuja mahali ambapo hukitegemei. Kifaransa na Kiswahili vinaingiliana kama vinavyoingiliana midomoni mwetu. Msomi anayejua Kiswahili cha Zanzibar angekwama kwenye mstari wa pili. Kwa uzuri ningempa André Yav mbili, kama nilivyompa msichana wetu.

Karatasi hizo zilimfikia Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970. Hata yeye, anayejua Kiswahili cha Katanga, hakuweza kuzisoma kwa macho peke yake. Alichofanya kinatufundisha. Alimwomba mtu wa kwetu, Kalundi Mango, azisome kwa sauti. Na hapo zikafunguka. Mstari ulioonekana umevurugika ukawa sentensi ya mzee anayeongea, anapumzika, anarudia neno ili mkae mkiwaza, halafu anaendelea. Mwaka 1990 maandishi hayo yalitolewa kama kitabu, pamoja na tafsiri na maelezo, na leo wanahistoria wa sehemu nyingi za dunia wanayatumia.

Kwa hiyo kosa halikuwa katika karatasi. Yav aliandika kwa ajili ya sikio, na waliotaka kumhukumu walileta jicho. Lugha yake haikuwahi kupewa daftari shuleni. Kiswahili kilichochapwa wakati wa ukoloni kilikuwa kile ambacho mapadri na wakubwa waliona kinafaa. Kiswahili cha kazini, cha sokoni na cha jikoni kiliachwa midomoni. Mtu wa kwanza anayekileta kwenye mashini ya kuandika hana mfano wa kuiga. Inabidi abuni kila kitu, hata mahali pa kukata neno.

Lakini msidhani kwamba Yav hakujali sura ya kazi yake. Angeweza kuandika kwa mkono. Akachagua mashini, kichwa cha Kifaransa na jina la umoja. Boyi aliyeona makaratasi juu ya meza ya bwana wake kwa miaka mingi alijua karatasi ya namna gani inaheshimiwa. Akawavalisha wazee wake suti, hata kama suti yenyewe haikushonwa na fundi wa kizungu.

Mifuko ya unga ya Tshibumba

Mara ya nne ndiyo inayojulikana kuliko zote. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Alikuwa mchoraji wa tablo zile ambazo wazazi wetu walitundika saloni, karibu na picha ya ndoa. Hakusomea uchoraji. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, alichora haraka, na alitembea na tablo mkononi akitafuta mnunuzi. Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika kwenye nyumba ya Fabian, kuuza. Wakaanza kuongea. Tshibumba akaeleza kwamba yeye ni mwanahistoria, na kwamba anaweza kuchora historia nzima ya nchi, tangu mababu. Hadi mwisho wa 1974 alikuwa amechora tablo 101, na juu ya kila moja walizungumza kwa Kiswahili huku rekoda ikishika maneno. Kitabu chao kilitoka mwaka 1996. Tablo zenyewe leo zimetunzwa Uholanzi, Amsterdam. Tshibumba hawezi kuziona: mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipotea, na hakuonekana tena.

Ukimhukumu Tshibumba kwa karatasi yetu ya safu mbili, utapata taabu pande zote mbili.

Upande wa uzuri: watu wake wamesimama wima kama miti, mikono mingine ni mifupi, na Kifaransa anachoandika juu ya tablo kina makosa. Lakini jaribuni kukumbuka tablo moja tu ya kalenda ya duka iliyowahi kutundikwa kwenu. Haikumbukwi. Tablo ya Tshibumba ukishaiona haikutoki. Alijua anachora kwa ajili ya saloni ndogo, kwa mtu anayeingia akitoka juani, anayetazama akiwa amesimama. Rangi ni chache na nzito, mstari ni mweusi, jambo moja liko katikati. Sura hiyo inafanya kazi iliyokusudiwa.

Upande wa maneno: alichora wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Elisabethville tarehe 9 Desemba 1941, katika mgomo ambao siku chache kabla ulikuwa umeanza hapa jirani, Likasi, iliyoitwa wakati ule Jadotville. Alichora Léonard Mpoyi aliyeuawa siku hiyo. Lakini Tshibumba alizaliwa miaka sita baada ya risasi hizo. Hakuona. Alisikia. Na alichora Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, akaweka nyuma yao misalaba mitatu, kama ile ya Golgota. Mwamuzi mkali atasema: kata alama, hapakuwa na misalaba. Ni kweli hapakuwa na misalaba. Lakini kila mtu wa kwetu aliyeingia saloni na kuitazama alielewa kwamba mchoraji hasemi kuna mbao zilisimamishwa porini. Anasema kifo hiki tunakipima kwa kipimo gani. Hiyo ni hukumu ya historia, na yeye aliitoa wakati ambapo kuitoa kwa kalamu kungeweza kumletea matatizo.

Wakati huohuo si kila kosa lake ni busara. Zipo tarehe ambazo alikosea tu, na Fabian katika kitabu hakuficha jambo hilo. Alimwacha Tshibumba aongee, halafu akaweka kando yale yanayojulikana kutoka sehemu nyingine, msomaji apime. Mimi nadhani hivyo ndivyo tunavyomheshimu mtu. Tukisema “ni sauti ya wananchi, tusiiguse”, tunamtendea kama mtoto. Yav na Tshibumba walidai wanasema kweli. Anayedai anasema kweli anataka kuulizwa.

Kuna neno moja ambalo watu wa Katanga walitumia juu ya tablo hizo, nalo ni ukumbusho. Hawakuuliza kwanza kama tablo ni nzuri. Waliuliza kama inakumbusha. Ukumbusho unahitaji vyote viwili. Kitu kisicho na maneno hakina cha kukumbusha. Na kitu ambacho sura yake haikushiki, hakikumbushi mtu, hata kama ndani yake kuna kweli yote. Ndiyo maana naona karatasi yetu ya alama ilikosea tangu ilipopigwa mstari katikati. Ilitufanya tufikiri kwamba maneno ni nyama na uzuri ni sahani, kila kimoja kinapimwa peke yake.

Tangu mwaka 2000 walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa nje, wamefanya kazi waliyoiita Mémoires de Lubumbashi: kukusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji, pamoja na vitu vya nyumbani. Mpiga picha Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi zilizopigwa na kampuni, akaziweka juu ya picha za viwanda vilivyobomoka. Wote hao walielewa jambo ambalo sisi waamuzi watatu hatukulielewa: kitu cha nyumbani kinasema hata kwa namna kilivyochakaa.

Nyumbani kwa nkambo

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwa yule msichana. Niliwakuta nje, nkambo amekaa juu ya kiti, anachambua sombe. Nilimwambia: “Mama, nimekuja kuomba msamaha. Kaye ya mjukuu wako sikuisoma.” Akacheka, akasema: “Weye ni mwalimu, ulikuwa na haraka.” Mimi si mwalimu, lakini sikumkatalia.

Nikamwomba msichana asome kwa sauti, kama Kalundi Mango alivyosoma karatasi za Yav. Akaanza. Ile niliyoiona kuwa orodha ya vitu ilikuwa kweli orodha ya vitu. Ilikuwa ni miezi. Ni wakati ule ambapo baba wa nyumba alikwenda kazini kila siku, na mshahara haukuja. Mwezi wa kwanza waliuza redio. Mwezi wa tatu kitanda cha wageni. Mwezi wa nne mashini ya kushona. Mwezi wa sita, viti viwili kati ya vinne, maana nkambo alisema mtu hawezi kupokea kilio bila kiti hata kimoja. Mbele ya kila kitu kuna jina la aliyenunua, kama bado anaishi Kambove au amehama, na unga waliopata. Maneno yalikuwa yameshikana kwa sababu nkambo alisema bila kupumzika, na mtoto alikimbia nyuma yake kwa biki.

Alipofika kwenye mashini ya kushona, nkambo akainua mkono. “Hapana. Mashini ilitangulia redio. Redio tuliuza nyuma, juu baba yako alikuwa anasikiliza habari kama mishahara itatoka.” Msichana akachukua biki, akapiga mstari juu ya neno, akaandika tena pembeni. Nilimwona akitaka kuchana ukurasa ili aandike upya kwa usafi. Nilimzuia. Nilimwambia mstari uliopigwa ubaki, na tarehe ya leo iandikwe kando, ili atakayesoma baadaye ajue kwamba jambo hili liliulizwa na kusahihishwa, na ni nani alilisahihisha.

Na jalada la simenti? Niliuliza. Msichana alisema lilikuwa karatasi ngumu pekee iliyokuwepo nyumbani, na kaye ya kwanza iliharibiwa na maji kwa sababu haikuwa na jalada.

Sikuweza kubadilisha matokeo, na sikutaka kumnyang'anya kijana aliyeshinda furaha yake. Yeye pia nilimtembelea. Nilimwomba atoe ile picha ya shimo la nchi nyingine, amwendee yule mzee mwenye miwani, amwulize shimo letu lilikuwa namna gani, alichore mwenyewe hata kama mkono wake ni mzito. Amekubali. Ana kipaji cha kupanga ukurasa, na kipaji hicho tunakihitaji. Nimemwambia pia aende kwa msichana, wakae pamoja: yeye aonyeshe namna ya kuacha nafasi pembeni na kuweka namba za kurasa, msichana amwonyeshe namna ya kuuliza nkambo.

Kwa wenzangu waamuzi nimependekeza tufute safu mbili, tuweke maswali matatu. La kwanza: ni nani anayesema hapa, na aliona, alisikia, au alinakili? Yote matatu yanaruhusiwa, lakini yatajwe. La pili: sura ya kazi hii inasaidia maneno yake kumfikia yule ambaye imetengenezwa kwa ajili yake? Tablo ya saloni tuitazame tukiwa tumesimama, kaye ya nkambo tuisome kwa sauti, ukurasa wa kompyuta tuufungue kwenye simu ndogo kama watu wanavyoufungua. La tatu: ni nani mwingine wa Kambove anayeweza kukubali au kukataa yaliyosemwa, na ameulizwa? Mwenzangu mmoja anaogopa kwamba maswali haya yatachukua muda mrefu. Ni kweli. Kazi ishirini haziwezi kuhukumiwa mchana mmoja. Basi tuchukue Jumamosi mbili.

Kabla ya likizo kubwa tutaweka meza tena. Wenye kaye za zamani, karatasi za wazee, tablo zilizokunjwa chini ya kitanda, msizitupe kwa sababu ni chafu au zimeandikwa vibaya. Msizinakili upya halafu mkachoma za kwanza. Andikeni nyuma jina la aliyesema na tarehe, zikunjeni kwenye kitu kikavu, mzilete. Na mje na mtu wa kuzisoma kwa sauti.